Mkono Wenye Mvua

Wa kwanza niliuua kwa upendo.
Kila jioni nikitoka masjala, vumbi la mafaili puani,
niliunywesha kata mbili, tatu,
maji ya ndoo niliyoyapangia foleni tangu alfajiri.
Siku ya ishirini nikaushika, ukang'oka wote
kama jino la mzee: shina jeusi, linanuka.

Kwetu Muheza ukisahau kijiti cha uzio ardhini
mwezi ujao kina majani.
Sikujua kuna mmea unaokufa maji.

Bi Sechelela, jirani yangu hapa Nkuhungu,
alichungulia juu ya ukuta wa tofali, akacheka mpaka akakohoa.
"Mkono wako una mvua," alisema.
"Hapa mvua tunaihesabu kwa vidole, na vidole vinabaki."
Akanipitishia vitoto vitatu vya mshubiri ndani ya gazeti,
akanikataza kuvipanda.
Viweke kivulini siku nne, kidonda kikauke.
Kilichokatwa kwa mama yake
hakipandwi na jeraha bichi.

Nikaviweka dirishani, jikoni.
Siku nne nilipika nikivipa mgongo.

Wizara ilipohama nilimwacha Shamsa kwa mama yangu,
mwaka na miezi minane, bado ananyonya.
Mama ndiye aliyenipaka shubiri kifuani
usiku mmoja, kwa kidole chake cha shahada,
kama alivyojipaka mwenyewe zamani, kwa ajili yangu.
Mtoto alionja. Akanitazama.
Hakulia. Afadhali angelia.

Udongo mwekundu fungu moja, mchanga wa korongo mafungu mawili,
changarawe ya kujaza kiganja,
kopo la rangi lililotobolewa kitako kwa msumari.
Halafu usitie maji.
Wiki ikipita, kikombe cha chai, basi;
kingine baada ya siku kumi;
Juni upepo ukianza kupekua mabati, hata hicho usitoe.

Majani yakawa mekundu kama yamepitiwa na pasi.
Nikakimbilia ndoo.
"Weka chini!" sauti ikaruka ukuta. "Hauumwi huo.
Umelikubali jua. Wewe je?"

Walipoingia wadudu weupe, nikawasugua kwa maji ya sabuni
na mswaki mdogo wa waridi
uliokuwa umebaki begini mwangu, sijui kwa nini.
Kuku wa Chedego wakafukua kopo moja.
Wakabaki wawili.

Mwaka wa pili, Julai, uwanja mzima rangi ya mkate,
miezi mitatu bila tone,
katikati ya majani ikachomoza ncha.
Nikadhani jani limeharibika.
Kila asubuhi ilikuwa imepanda kidole kimoja,
mpaka ikanifika kiunoni, ikawaka:
vikengele vyekundu, vya chini vimefunguka,
vya juu bado vinawaza.

Ndipo akaja mdogo yule, kijani cha mafuta juu ya maji,
mdomo umepinda kama sindano ya magunia.
Akaning'inia, akachovya, akahamia kikengele cha pili.
Nikampigia mama simu, nikamwomba ampe Shamsa.

"Mama, unafanya nini?"
"Naangalia chozi."
Kimya.
"Unalia?"
"Hapana. Ni ndege, chozi ndilo jina lake.
Anakunywa asali kwenye mshubiri."
"Shubiri ni chungu," akasema. Anakumbuka.
"Majani ndiyo machungu. Ua, hapana."

Akafikiri. Upande wake nilisikia mvua juu ya bati,
mvua nene, ya kwetu, isiyoulizwa.
"Akishiba," akasema, "mwambie aje na huku."

Nimeomba likizo. Bado haijasainiwa.
Bi Sechelela anasema kule kitaoza tu, nisijisumbue.
Dirishani pana kitoto kimoja,
siku ya tatu leo,
kinakauka.